Hali ya hewa ya sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya, pwani na bara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaosafiri kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na wengine mpaka Siku ya Mapinduzi, Januari 12: wanaoshuka pwani kupunga upepo, wanaopanda milimani kula sikukuu na wazee, na wanaovuka maji kwenda visiwani. Utabiri wa siku kwa siku hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na huo ndio wa kufuata. Hapa nimeandika mwenendo wa hewa wa kipindi hiki cha mwaka, na jinsi ya kuusoma utabiri ili ukufae mahali utakapokuwa na saa utakayokuwepo.

Krismasi ni wakati wa jua au wa mvua?

Inategemea uko wapi, na sisemi hivyo kwa kukwepa swali. Mvua ya Afrika Mashariki hutembea. Ukanda wa mvua hulifuata jua: Machi hadi Mei hupita juu yetu ukielekea kaskazini, ndiyo masika, Oktoba hadi Desemba hurudi kusini, ndiyo vuli. Krismasi ikifika, jua la utosi liko mbali kusini, na ukanda huo umeshatanda kusini mwa Tanzania, Zambia, Malawi na Msumbiji. Kwa hiyo tarehe 25 hiyohiyo Lamu inaweza kuwa kavu kabisa, Tanga wakawa wanamalizia mkia wa vuli, Dodoma wakulima wako shambani wanapanda, na Mbeya mvua iko katikati ya msimu wake.

Wengi hudhani Desemba ni mwezi mkavu Dar es Salaam. Sivyo. Kwa wastani wa miaka mingi Desemba hupata kama milimita 120 za mvua, Januari kama 75, Februari kama 55. Aprili, kwa kulinganisha, hupita 250. Tofauti ni namna mvua inavyokuja. Ya Desemba huja kwa pande moja zito la nusu saa au saa nzima, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri kwa walio karibu na bahari, kisha jua hutoka na mchanga hukauka. Mtu aliyelala hadi saa tatu anaweza kuapa kwamba haikunyesha.

Halafu kuna upepo. Kaskazi huanza kushika Novemba na Desemba, ukapamba moto Januari na Februari. Hutoka upande wa Uarabuni ukifuata pwani, na asili yake ni hewa kavu ya bara. Kaskazi ikishashika kweli mvua hupungua, kwanza Lamu na Malindi, kisha Mombasa, kisha Tanga na visiwani. Ndiyo maana mwenye nafasi ya kuchagua kati ya wiki ya Krismasi na wiki ya Mapinduzi kwa safari ya pwani ya kaskazini, mimi humwambia achague ya Mapinduzi.

Miaka haifanani, lakini. Maji ya Bahari ya Hindi yakiwa na joto kuliko kawaida upande wetu, na hasa El Niño (maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida) ikiwepo, vuli hunenepa na kuvuka Mwaka Mpya. Ndivyo ilivyokuwa 2019 na 2023. La Niña, maji hayo ya Pasifiki yanapopoa, mara nyingi hufanya kinyume, na vuli hukatika mapema au isionekane kabisa. Kabla ya kulipia kitu chochote, soma mwelekeo wa vuli unaotolewa na TMA. Utajua mwaka huu uko upande gani.

Mbona simu yangu inaonyesha mvua kila siku, wiki nzima?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu wengi wamevunja safari nzuri kwa sababu yake.

Programu ya simu huichora siku nzima kwa alama moja. Ikiona uwezekano wa manyunyu hata kwa saa moja, saa kumi alfajiri umelala, huweka wingu lenye matone kwa siku yote. Ifungue siku hiyo uangalie saa kwa saa. Mara nyingi utakuta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni ni jua na mawingu kidogo.

Jambo la pili ni ukubwa wa macho ya kompyuta. Hesabu za hewa za dunia nzima huigawa nchi katika miraba. Zile bora kabisa zina miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, nyingine ni mikubwa zaidi. Wingu la vuli linaloloanisha Kigamboni na kuiacha Posta ya Dar es Salaam kavu lina upana wa kilomita tatu au nne. Kompyuta hailioni. Inachojua ni kwamba hewa ya mraba ule imebeba unyevu wa kutosha kuzaa mawingu kama hayo, basi inasema mvua.

Na asilimia? Ukiandikiwa asilimia 40, usielewe kwamba itanyesha asilimia 40 ya siku, wala kwamba asilimia 40 ya mji italowa. Chukua siku kumi zenye hewa kama ya siku hiyo: mahali pako patapata mvua katika siku nne, na sita zitapita kavu. Mtu wa kwenda ufukweni aende. Mwenye kuanika mpunga au karafuu afikirie mara mbili.

TMA wakisema "mvua katika maeneo machache" wanamaanisha nini?

Wanamaanisha hivyo hasa. Katika mkoa uliotajwa sehemu ndogo tu itanyeshewa, na hakuna anayeweza kuitaja kwa jina tangu jana yake. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo, na "maeneo mengi" ni karibu mkoa mzima. Maneno haya yamepimwa. Huwa naumia nikisikia mtu wa Bagamoyo akisema wametudanganya kwa sababu kwake hakukunyesha, ilhali Mlandizi, mkoa uleule wa Pwani, watu walikuwa wanakinga maji. Utabiri wa mkoa ni wa mkoa. Wa kitongoji chako unaupata kwa kuuongezea macho yako: angalia mawingu yanakotoka, na usikie upepo umegeuka au la.

Nianze kuangalia utabiri siku ngapi kabla?

Siku kumi kabla ni kujipa wasiwasi bure. Siku tano kabla utajua kama kuna kitu kikubwa kinakuja, na TMA hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa ya siku tano kwa kazi hiyohiyo. Siku mbili kabla ndipo maamuzi ya nguo, mahema na boti yanaposimama. Asubuhi ya safari angalia tena. Huku karibu na ikweta mawingu huzaliwa na kufa ndani ya saa chache, tofauti na Ulaya ambako mfumo mmoja wa mvua huonekana ukija kwa siku kadhaa.

Kipimo kinasema nyuzi joto 32. Mbona mimi nahisi 40?

Kwa sababu jasho halikauki. Mwili hupoa jasho linapogeuka mvuke, na hewa iliyokwisha shiba unyevu haipokei mvuke zaidi. Nyuzi 32 zenye unyevunyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida Dar, Mombasa au Unguja mwisho wa mwaka, mwili huzipokea kama 40 hivi. Usiku nao haupoi sana; hushuka hadi 25 tu, kwa hiyo mtoto mchanga au mzee hapati saa za kupumzika.

Wageni kutoka Njombe, Nairobi au Limuru wanaoshuka kwa siku tatu ndio huumia zaidi, maana mwili huhitaji wiki na zaidi kuzoea. Wape maji kabla hawajaomba. Dafu ni zuri. Bia juani si maji. Mtoto asiachwe ndani ya gari hata dakika tano wakati mzazi anaulizia bei ya samaki.

Jua lenyewe huchoma zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na mawingu membamba hayalizuii. Kipimo cha miale ya jua hapa kwetu Desemba hufika 11 na zaidi, daraja la juu kabisa katika kipimo kile. Ngozi nyeusi huungua pia, hasa mabegani na mgongoni mwa watoto wanaoshinda majini. Fulana kuukuu ya mikono mirefu inatosha kuwakinga.

Unguja twende pwani ya mashariki au kaskazini?

Swali hili watu huuliza wakiwaza mvua, kumbe kinachogeuza siku yao ni maji kujaa na kupwa.

Paje, Bwejuu na Jambiani zina ufuo mrefu usio na mteremko, na mwamba uko mbali. Maji yakipwa hukimbia hadi huko mwambani, ukabaki na mchanga, mashamba ya mwani na kina mama wakiyahudumia. Ni mandhari ya kupendeza, ila aliyekuja kuogelea atatembea sana. Nungwi na Kendwa huko kaskazini ufuo huteremka haraka, kwa hiyo unaweza kuogelea karibu saa zote.

Saa za maji zisome kwenye mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake Unguja na pwani ya Dar es Salaam inaweza kufika karibu mita nne. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa hugeuka, yakajaa kama saa nne asubuhi na kupwa alasiri. Katikati ya hapo kila siku husogea mbele kama dakika 50. Mtu aliyezaliwa pwani, ukimwambia leo ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, atakuambia maji yako wapi bila kufungua simu. Ukipanga likizo ya mashariki na watoto, angalia kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani kwa jirani. Tarehe za kati ya saba na tisa, au ishirini na moja na ishirini na tatu, zina maji asubuhi.

Upepo pia unaingia katika hesabu. Kaskazi hupiga pwani ya mashariki waziwazi, ndiyo maana wapanda mawimbi kwa tiara hujazana Paje kuanzia katikati ya Desemba. Upande wa Mji Mkongwe bahari imekingwa na kisiwa chenyewe, hutulia zaidi.

Ni saa ngapi salama kupanda boti kwenda visiwa vidogo?

Asubuhi, na kurudi kabla ya saa nane. Ningependa kila mwenye watoto alishike hili, hata kama hatasoma kingine chochote hapa.

Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Wavuvi huuita umande, na ndio uwatoao alfajiri. Jua likipanda, nchi hupata joto upesi, hewa yake hupaa, na upepo wa bahari huingia kujaza nafasi. Kufika saa saba au nane upepo huo umeungana na kaskazi yenyewe, zikasukuma pamoja. Bahari ileile iliyokuwa kioo saa mbili asubuhi inakuwa na vichwa vyeupe alasiri. Hakuna dhoruba, hakuna wingu, utabiri haujakosea. Ni kazi ya kila siku ya jua.

Mwaka mmoja tulikwenda Mbudya watu kumi na mmoja wa familia, wanne wao watoto. Kwenda tulicheka njia nzima. Tulikubaliana kurudi saa nane, tukachelewa kwa sababu samaki hawakuwa wameiva, tukaondoka saa kumi na nusu. Boti ilikuwa ndogo, majaketi okozi yalikuwa saba. Maji yaliingia kila wimbi, shangazi akawa anasoma dua kwa sauti, na binti yangu wa miaka sita alinishika shingo mpaka kucha zikaingia. Tulifika. Tangu siku hiyo nahesabu majaketi kabla sijahesabu nauli, na samaki wakichelewa tunawafunga tukawale nyumbani.

TMA huandika "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili". Ukisikia hivyo, ujue meli kubwa ya abiria ya Dar na Unguja inaweza bado kusafiri, ila utatapika. Ngalawa, mtumbwi na boti ya utalii ya watu kumi hazina kazi baharini siku hiyo. Hata meli zina kiwango chake. Mv Skagit ilizama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi, upepo wa kutoka kusini. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru. Asibembelezwe, wala asiongezwe pesa.

Na wa ufukweni je? Mawimbi yanapopiga, maji yanayorudi hutafuta mlango mmoja na kuunda mkondo unaokwenda kilindini. Mahali hapo maji huonekana yametulia kuliko kando zake, ndiyo maana huwavuta watoto. Aliyechukuliwa asishindane nao kuja nchi kavu. Aogelee sambamba na ufuo mpaka autoke, ndipo arudi.

Kuna hatari ya kimbunga wakati wa Krismasi?

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Krismasi iko ndani yake. Lakini kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia kukisokota, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu. Mombasa na Malindi ziko karibu mno na ikweta. Tanzania ni nadra, na vilivyofika au kukaribia vilikuja mwishoni mwa msimu au mara tu baada yake: kile cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi, Kenneth wa Aprili 2019 ulioingia kaskazini mwa Msumbiji huku Mtwara wakijihami, Jobo wa Aprili 2021 uliofifia kabla ya kufika, na Hidaya ulioikumba Mafia mapema Mei 2024.

Cha Desemba kinachotugusa ni kimbunga kilicho mbali. Kikikaa karibu na Madagaska hugeuza upepo wa nchi nzima. Wakati mwingine huvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo, mvua ikaongezeka bara. Wakati mwingine hutunyang'anya unyevu, tukabaki na joto na ukavu wa siku kadhaa. Chido, uliopiga Mayotte Desemba 14, 2024 na kuingia Msumbiji siku iliyofuata, ulikuwa wiki mbili tu kabla ya Mwaka Mpya. Jina la kimbunga likianza kutajwa redioni, fuata taarifa ya TMA ya kila siku hata kama kiko mbali.

Tunapanda Moshi kula Krismasi. Njiani na kule kukoje?

Kutoka Chalinze hadi Segera tegemea manyunyu ya vuli na barabara yenye utelezi asubuhi. Ukitoka Korogwe kuelekea Mombo joto huongezeka, kisha unaingia Same, nyuma ya milima ya Upare, ambako mawingu hufika yameshaacha maji yake upande wa pili. Pale ni kukavu na vumbi hata watu wa Lushoto wakiwa kwenye ukungu.

Moshi mjini Desemba ni joto. Wengi hawalitegemei kwa kuwa barafu inaonekana juu. Ila kila mita 1,000 ukipanda joto hushuka kama nyuzi sita, kwa hiyo Marangu, Kibosho na Machame usiku utahitaji sweta, na mwenye mtoto abebe blanketi. Barabara za vichochoro vya migombani zikilowa, gari dogo halipandi. Liache barabarani utembee; ndizi hazitakimbia.

Arusha huwa na hewa ya kupendeza, mchana 27 au 28. Wanaoupanda Mlima Kilimanjaro wenyewe, mita 5,895, wajue mwisho wa Desemba bado una mawingu na theluji juu, na Januari na Februari hutulia zaidi. Kileleni usiku ni chini ya sifuri kwa nyuzi 10 na zaidi, msimu wowote.

Na Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea?

Huko mvua ni moja kwa mwaka, Novemba hadi Aprili, na Krismasi imo ndani yake. Asubuhi huwa nzuri, alasiri mawingu hupanda na radi hupiga. Kama unaendesha, upite mlima Kitonga kabla ya saa nane. Dodoma hupata mvua kidogo kwa mwaka, lakini hushuka kwa nguvu juu ya ardhi ngumu, makorongo yakajaa kwa dakika.

Mvua kubwa ikinikuta njiani nifanye nini?

TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Ili uione: milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo milimita 50 juu ya paa la mita mraba 100 ni lita 5,000. Sasa wazia mapaa ya mji mzima, lami na mifereji iliyoziba.

Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, Dar es Salaam ilipata mvua ya namna hiyo kwa siku mfululizo. Bonde la Msimbazi lilifurika, watu zaidi ya 40 walifariki, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 3, 2023 maji na matope yalishuka Mlima Hanang yakaifunika Katesh alfajiri, na watu zaidi ya 80 hawakuamka tena. Walikuwa majumbani mwao. Ndiyo sababu naomba usilale kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa kwenye mkondo wa korongo, hata kama ni rahisi na kumekauka. Uliza wenyeji maji hupita wapi.

Barabarani, maji yanayokimbia yakiwa na kina cha sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huchukua hata gari kubwa. Huoni kama lami bado iko chini. Dereva wa basi akitaka kujaribu, abiria wana haki ya kushuka, na washuke.

Kanda ya Ziwa je?

Ziwa Viktoria lina hewa yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu hukusanyika juu ya vilima. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na hapo ngurumo huzaliwa. Kwa hiyo Mwanza unaweza kulala chini ya nyota huku radi zikimulika upeo wa macho, na Bukoba wakanyeshewa alfajiri kwa kuwa upepo wa mashariki umeyasukuma mawingu kwao. Bukoba hupata mvua nyingi mwaka mzima, hivyo mwavuli ni wa kudumu. Kwa wasafiri wa mitumbwi kwenda visiwani Ukerewe na kwingine, kanuni ni kinyume cha mazoea: anga safi saa moja jioni haina ahadi yoyote ya usiku. Vukeni mchana.

Upande wa Kenya?

Nairobi mwisho wa Desemba hukauka na kupendeza, mchana 25 hivi, usiku 12 au 13, baridi ambayo mtu wa Mombasa huijutia akikosa koti. Ukishuka Mtito Andei na Voi ni joto kavu. Mombasa, Diani na Watamu hupata vipande vya mvua kuzunguka Krismasi, kisha Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote.

Malindi ina jambo lake. Mto Sabaki, ukijaa kwa mvua za bara, huleta udongo baharini, na kaskazi huusukuma kusini mpaka ufuo wa mji. Maji huwa ya kahawia wiki hizo. Si machafu ya taka, ni udongo, ila anayetaka bahari ya samawati ateremke Watamu.

Radi ikianza tukiwa ufukweni?

Tokeni majini kwa ngurumo ya kwanza. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka mlio. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, mko ndani ya eneo lake. Ingieni nyumba ya kweli au gari lenye paa la bati. Banda la makuti halikingi, na chini ya mnazi ni pabaya kuliko juani. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Rangi za tahadhari zina maana gani?

Njano ni angalizo: endelea na mipango ukiwa macho. Rangi ya chungwa ni tahadhari: badilisha mipango ya baharini na ya mabondeni. Nyekundu ni tahadhari kubwa: baki ulipo pakiwa salama, la sivyo hama mapema.

Nimetumiwa ujumbe wa dhoruba kwenye WhatsApp. Niuamini?

Tafuta tarehe na majina ya mikoa. Taarifa halali huwa nazo zote mbili. Tahadhari ya kweli ya mwaka juzi husambazwa upya kila Desemba, yenye nembo halali na tarehe iliyokatwa. Linganisha na ukurasa wa mamlaka yenyewe, au piga simu kwa mtu aliyeko huko umuulize anaona nini dirishani.

Jua linazama saa ngapi siku za sikukuu?

Krismasi Dar es Salaam ni kama saa kumi na mbili na dakika 38 jioni, Mombasa dakika sita mapema zaidi, na Mwanza inakaribia saa moja kasoro dakika tano. Giza huingia haraka, ndani ya dakika 20 hivi. Boti ya mwisho na watoto wa mwisho majini wawe wametoka kabla ya hapo.